Bia ya nyumbani ikiwa nzito, nyepesi au inachonyota ulimi: chunguza gesi kabla ya kugusa kimea

Mimi na shemeji yangu tunapika bia kwa resipi moja. Kilo nne na nusu za kimea cha shayiri kwa lita 20, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) zilezile, hamira ya pakiti ya aina ileile. Mimi niko Arusha, yeye yuko Tanga. Mara ya kwanza tulipobadilishana chupa, aliniandikia: "Shemeji, bia yako nzito, tamu, inaganda mdomoni. Punguza kimea." Malalamiko yangu kwake yalikuwa kinyume: bia yake nyepesi, kali, inachonyota ulimi mpaka ladha ya kimea huisikii. Nikapunguza kimea, yeye akaongeza. Toleo lililofuata, yangu ikawa imelala, yaani haichangamki, vilevile na sasa haina hata ladha, na yake ikazidi kuchonyota.

Tulichokosea hakikuwa ndani ya sufuria. Tangu siku hiyo sibadilishi resipi kwa sababu ya malalamiko ya "uzito" kabla sijajua bia hiyo ina gesi kiasi gani. Malalamiko mengi ninayoletewa kuhusu jinsi bia inavyokaa mdomoni huishia kwenye gesi, na kimea huwa kinasingiziwa tu.

Gesi inafanya nini mdomoni

Gesi ya bia ni hewaukaa (kaboni dioksidi). Ikiyeyuka ndani ya bia, sehemu yake hugeuka asidi ya kaboniki. Asidi hiyo ndiyo inayochonyota. Watu wengi hudhani ni viputo vinavyopasuka juu ya ulimi, lakini mwaka 2013 watafiti wa Monell, kituo cha utafiti wa ladha na harufu huko Philadelphia, Marekani, waliwapa watu maji yenye gesi ndani ya chumba chenye presha kubwa ambamo viputo haviwezi kutokea, na ukali ukabaki palepale. Viputo vina kazi yao, vinatekenya na kuongeza ule mwasho, lakini chanzo ni asidi. Mwaka 2009 utafiti uliofanywa kwa panya ulikuwa umeshaonyesha kwamba seli za ulimi zinazotambua uchachu zina kimeng'enya kinachoigeuza hewaukaa kuwa asidi papo hapo. Kishike kichwani kimeng'enya hicho, nitakirudia mwishoni.

Kwa hiyo gesi ikiongezeka, utamu unarudi nyuma, ukavu na uchungu wa hopsi vinajitokeza, na bia inahisika nyepesi kuliko ilivyo. Gesi ikipungua, utamu unasonga mbele na bia inakaa nzito juu ya ulimi, hata kama msongamano wake ni uleule. Ukichukua bia moja na kuigawa katika chupa mbili zenye gesi tofauti, mnywaji atakuapia kwamba ni bia mbili.

Kipimo tunachotumia ni ujazo. Ujazo 1 ni lita moja ya hewaukaa iliyoyeyuka ndani ya lita moja ya bia, karibu gramu 2. Bia ya kiwandani ya kawaida ina kama ujazo 2.5. Bia ya kasiki ya Kiingereza ina 1.0 mpaka 1.5 tu, na bia ya ngano ya Kijerumani inaweza kupita 3.5. Gesi ndogo peke yake si ugonjwa. Aliyekulia kwenye mbege anajua kinywaji kinachonywewa kingali kinachachuka, kizito kwa ulezi, kisicho na gesi iliyofungiwa chupani, na hakuna anayekiita kibovu. Tatizo ni pale gesi isipolingana na bia uliyokusudia kupika.

Anza na glasi mbili

Poza chupa mbili za toleo moja kwa saa 24, zikae mezani mpaka zifike kama nyuzi 8 au 10. Ya kwanza imimine taratibu. Ya pili imimine kwenye glasi, kisha ihamishe glasi hadi glasi mara sita au saba mpaka isitoe povu tena. Weka pembeni bia ya kiwandani ya rangi inayokaribiana, kama rula. Onja kwa zamu.

Ile uliyoitoa gesi ikiwa tamu zaidi, nene zaidi, na ukaipenda kuliko nzima, gesi yako imezidi. Zote mbili zikifanana, huna gesi. Na kama zote ni kama maji ilhali ile nzima inachangamka sawa na ya kiwandani, hapo sasa rudi kwenye kimea, au kwenye joto ulilolowekea nafaka: ukilowekea kwenye nyuzi 63 hamira itakula karibu kila kitu na bia itakuwa kavu, ukilowekea kwenye 68 zitabaki dekstrini, sukari ambazo hamira ya kawaida haizili, zinazoipa bia mwili, yaani uzito mdomoni.

Nzito, tamu, inaganda, imelala

Huu ulikuwa ugonjwa wangu. Kwanza angalia hesabu ya sukari unayoweka wakati wa kufunga chupa ili hamira iigeuze kuwa gesi. Gramu 4 za sukari ya kawaida kwa lita zinatoa ujazo 1, zaidi kidogo. Bia yenyewe tayari ina gesi iliyobaki kutoka kwenye pipa, na kiasi hicho kinategemea joto la juu kabisa ambalo bia ilifikia baada ya uchachushaji kutulia: kwenye nyuzi 20 ni karibu ujazo 0.86, kwenye nyuzi 30 ni kama 0.7.

Hizo ni namba za usawa wa bahari. Arusha iko kama mita 1,400 juu, presha ya hewa ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani, na gesi inayobaki ndani ya bia inapungua kwa kadiri hiyohiyo. Kwenye nyuzi 22 napata kama 0.7, sawa kabisa na shemeji aliye kwenye joto la Tanga. Mwinuko wangu na joto lake vinatufikisha mahali pamoja! Ili kufika 2.5 sote tunahitaji kama ujazo 1.8 kutoka kwenye sukari, yaani gramu 7 kwa lita, karibu gramu 140 kwa pipa la lita 20. Mimi nilikuwa naweka 120 kwa kukadiria na kijiko. Nunua mizani ya jikoni. Kijiko cha sukari iliyoshikana na kijiko cha sukari kavu havilingani.

Lakini gramu 20 peke yake zisingeweza kuilaza bia kiasi kile. Kilichoimaliza ni baridi. Nilifunga chupa mwezi Juni, nikaziweka stoo yenye sakafu ya saruji, ambako usiku ilishuka mpaka nyuzi 13. Hamira ya eli, bia inayochachushwa kwenye joto la chumba, ikifika kwenye baridi hiyo hulala. Sukari ilibaki mle ndani haijaliwa, na ndiyo sababu bia ilikuwa na hatia mbili kwa wakati mmoja: gesi haipo, na sukari ambayo ingegeuka gesi inaongeza utamu. Wiki mbili zinazotosha Tanga zikawa hazitoshi hata kidogo. Dawa ilikuwa kuhamishia kreti jikoni, kwenye nyuzi 22 hivi, kugeuza kila chupa taratibu mara moja ili mashapo yachanganyike, na kusubiri wiki mbili zaidi. Bia ileile aliyosema nipunguze kimea, shemeji aliinywa Agosti akaniuliza nimebadilisha nini.

Ili usifungue chupa tano kuchungulia, siku ya kufunga jaza bia ya toleo hilohilo kwenye chupa moja ya plastiki ya soda iliyosafishwa. Iminye hewa itoke kabla ya kufunga kifuniko. Gesi ikijijenga itavimba, kisha itakuwa ngumu kama soda ya dukani. Ikiwa bado inabonyea, subiri.

Chupa ya plastiki ikiwa ngumu ilhali za kioo zimelala, kosa ni vizibo. Zamisha shingo ya chupa ya kioo kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu utazame kama vinapanda viputo. Vizibo vilivyopinda wakati wa kufunguliwa na kutumiwa tena havishiki, na chupa zenye shingo ya kuzungusha mara nyingi hazikubali kizibo cha kubana.

Ikiwa bia ni kali, asilimia 9 ya kilevi au zaidi, au ilikaa pipani miezi mingi, huenda hamira imechoka kabisa na joto halitaisaidia. Hapo fungua, dondoshea punje chache za hamira kavu, funga haraka kwa kizibo kipya. Na usidanganywe na anayesema asali au glukosi inatoa "viputo vidogo laini". Gesi inayotoka kwenye sukari ya miwa na inayotoka kwenye asali ni moja, tofauti iko kwenye uzito unaohitajika, kwa kuwa asali ina maji ndani yake.

Nyepesi, kali, inachonyota

Kabla ya kitu kingine, ipime joto. Ubaridi mkali huzidisha mwasho wa gesi ulimini, kwa hiyo bia sahihi iliyotoka kwenye friji la nyuzi 2 inaweza kuonekana imezidi. Iache ifike 8. Ukali ukiisha, huna tatizo.

Usipoisha, pima msongamano kwa haidromita, kipimo kinachoelea ndani ya bia na kushuka namba kadiri hamira inavyokula sukari, lakini toa gesi yote kwanza kwa kuihamisha glasi hadi glasi, kwa sababu viputo huiinua haidromita na kukudanganya. Linganisha na namba uliyoandika siku ya kufunga chupa. (Kama hukuandika, anza leo.) Kila pointi moja iliyoshuka ndani ya chupa, kutoka 1.013 hadi 1.012 kwa mfano, imezalisha kama ujazo 0.5 juu ya ule wa sukari.

Shemeji alifunga kwenye 1.013. Tanga kuna joto, uchachushaji hulipuka siku mbili za kwanza, povu linashuka, na mtu anaona kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Bia ilimalizikia 1.011 ndani ya chupa, ujazo 1 zaidi, na badala ya 2.5 akapata 3.5. Kuongeza kimea hakungemsaidia hata chembe, kulizidisha tu chakula cha hamira. Kwa joto la kwetu, kinachoniambia imekwisha ni vipimo viwili vinavyolingana, vikiachana kwa siku tatu. Kutulia kwa povu au kijibomba cha kutolea gesi kunyamaza sihesabu.

Namba ikiwa imeshuka kwa pointi nyingi, tano au saba, huyo ni mgeni. Mara nyingi ni hamira ya aina ya diastaticus, ambayo ina kimeng'enya cha kukata dekstrini ambazo hamira ya kawaida inaziacha. Huyu anaharibu mara mbili: anakula kile kinachoipa bia mwili, na anakigeuza kuwa gesi. Hakuna bia nyepesi na kali kama ile aliyopita diastaticus. Baadhi ya hamira za dukani za bia ya Ubelgiji aina ya saison ni za ukoo huu kwa makusudi, na zikishajificha kwenye mpira wa kuhamishia bia au kwenye mikwaruzo ya ndoo ya plastiki, toleo lijalo litaambukizwa hata ukitumia hamira nyingine. Usiendelee kusugua ndoo hiyo. Tupa mpira, tupa ndoo.

Kuna sababu nyingine inayofanana nayo: hopsi zilizolowekwa baridi pipani. Nazo zina vimeng'enya vya kukata dekstrini, na bia iliyokuwa imetulia inaweza kuamka tena. Ukiloweka hopsi, pima upya kabla ya kufunga.

Sasa usalama, na hapa naomba usipite haraka. Bia yenye ujazo 2.5 kwenye nyuzi 25 inaisukuma chupa kwa presha ya karibu tairi la gari dogo. Yenye 3.5 kwenye chumba cha nyuzi 30 inasukuma kwa zaidi ya mara nne ya presha ya hewa, na chupa ya kawaida ya bia, iliyorudishwa na kuoshwa miaka mingi, haikutengenezwa kubeba hayo. Ukigundua toleo limezidi, vaa glavu nene na miwani ya kazi, funika kreti kwa blanketi, lipeleke lote kwenye friji. Baada ya siku mbili, zikiwa baridi kabisa, inua kila kizibo kidogo mpaka isikike gesi ikitoka, iache itulie, kisha funga kwa kizibo kipya. Rudia baada ya siku kadhaa ikibidi. Chupa iliyo kwenye joto usiifungue wala usiitikise, na watoto wasikae karibu na chumba hicho.

Chupa inayofoka yote mara tu inapofunguliwa si lazima iwe na gesi nyingi. Kimea kilichoshambuliwa na kuvu wa Fusarium shambani hubeba protini zinazoifanya gesi itoke kwa kishindo hata ikiwa kwenye kiwango cha kawaida. Toleo zima likifoka, msongamano haujashuka na sukari ilipimwa, badilisha gunia la kimea.

Chupa hii imelala, ile inachonyota

Sukari haikuchanganyika. Ichemshe na maji kidogo, imimine chini ya ndoo ya kufungia, halafu shusha bia juu yake kwa mpira unaoizungusha kwa upole, na koroga mara mbili tatu kwa kijiko safi bila kuingiza hewa. Ikiwa ni chupa moja tu kati ya ishirini inayofoka, na ina harufu yake peke yake, hiyo haikusafishwa vizuri.

Gesi ipo, lakini povu linazimika na bia inahisika tupu

Povu ni sehemu ya hisia ya mdomo. Linaupaka mdomo wa juu, linaleta ule ulaini wa kwanza kabla ukali haujafika. Linajengwa na protini za kimea zikishikamana na uchungu wa hopsi, na adui yake ni mafuta na sabuni. Glasi iliyooshwa pamoja na sufuria ya mboga inatosha kuliua. Ioshe peke yake, isuuze kwa maji mengi, iache ikauke ikiwa imeinamishwa, usiifute kwa kitambaa cha jikoni. Kisha mimina tena. Viputo vikiganda kwenye ukuta wa glasi, glasi bado ni chafu. Povu likikaa safari hii, bia yako haikuwa na kosa lolote.

Stauti yangu haina ule ulaini wa baa

Na haitakuwa nao kwa hewaukaa pekee, hata upime sukari kwa uangalifu gani. Ulaini ule unatoka kwenye nitrojeni. Mwaka 1959 Guinness walianza kuitumia baada ya kazi ya Michael Ash, mwanahisabati aliyeajiriwa nao. Nitrojeni karibu haiyeyuki ndani ya bia na haitengenezi asidi, hivyo inatoa viputo vidogo mno, povu zito, na hakuna kinachochonyota. Hewaukaa ndani ya stauti ya namna hiyo ni kama ujazo 1.2 tu.

Nyumbani, bila mtungi wa nitrojeni, funga stauti kwa 1.8 badala ya 2.5. Utashangaa jinsi ladha ya kimea kilichokaangwa inavyofunguka. Halafu mimina glasi, vuta mililita chache kwa bomba la sindano jipya lisilo na sindano, zirushie kwa nguvu ndani ya bia ileile. Litapanda povu jeupe laini linalokaa. Kwangu njia hii imeokoa stauti nyingi zilizolalamikiwa kwamba zinakwaruza, na shayiri iliyokaangwa sikuipunguza hata gramu.

Kwenye kegi: glasi imejaa povu, chini yake bia imekufa

Gesi imeacha bia njiani, ndani ya mpira unaoitoa bia kwenye kegi (pipa lake la chuma) kwenda bombani. Mpira ukiwa mfupi, presha yote inaishia bombani na bia inapasuka. Kwa mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 5, anza na mita 3. Angalia pia kama mpira unakaa nje ya friji: bia baridi ikipita kwenye mpira wa moto hutoa gesi.

Kisha geji. Geji ya regyuleta, kidhibiti cha presha, inasoma tofauti kati ya presha ya kegi na hewa ya nje, kwa hiyo jedwali lililoandikwa kwa usawa wa bahari litakupunja ukiwa mlimani. Kwa nyuzi 4 na ujazo 2.5, shemeji anaweka presha ya kama baa 0.8, mimi naweka 0.95. Iache wiki nzima kwenye presha hiyohiyo. Kuitikisa kegi chini ya presha kubwa ili inywewe jioni ileile ndiko kunakoleta bia ambayo glasi ya kwanza inachonyota na ya tano imelala.

Wote wanaifurahia, mmoja anasema imeisha gesi

Hili nililikuta hapa Arusha na lilinisumbua wiki nzima. Mgeni aliyetoka kushuka Kilimanjaro siku hiyo alikunywa bia iliyokuwa nzuri kwa kila mtu mezani, akasema ni kama maji machungu, haina gesi kabisa. Nilimfungulia ya pili, akasema vilevile.

Wapandaji wengi hunywa Diamox kwa ajili ya ugonjwa wa mwinuko. Dawa hiyo, asetazolamaidi, huzuia kimeng'enya kilekile kinachoigeuza hewaukaa kuwa asidi ulimini. Viputo anaviona, anavihisi vikitembea, lakini mwasho haupo, na bia inabaki na uchungu na utamu wake bila kitu cha kuvishika pamoja. Soda nayo humwonekea hivyohivyo. Muulize kama yuko kwenye dawa, na kama ndiyo, mpe chai, umwekee chupa yake ya siku nyingine.